Mashine Ilifika Kabla ya Mwalimu

Watu wa mbali wanaoijua Makandana wanaijua kwa hospitali, Hospitali ya Wilaya ya Rungwe. Kwa wazazi wengi wa Tukuyu na vijiji vinavyoizunguka, safari ya mtoto mwenye ulemavu kuelekea shule huanzia hapo. Mtoto haitiki akiitwa kwa nyuma, au anainama hadi pua iguse daftari, au kafikisha miaka mitatu na bado hajasimama. Mganga anapima, anaandika, anaeleza alichokiona. Akishamaliza, shauri linahamia kwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye watoto wengi kuliko madawati, ambaye pengine hajawahi kuonyeshwa jinsi ya kupachika karatasi kwenye mashine ya nukta nundu.

Historia ya vifaa saidizi katika shule zetu huwa inasimuliwa kwa vifaa vyenyewe: mwaka fulani zililetwa mashine, mwaka fulani kompyuta, na kila mara kuna picha ya mgeni akikabidhi boksi huku watoto wamepangwa mstari nyuma yake. Mimi naona inaeleweka vizuri zaidi ikisimuliwa kwa upande wa mwalimu. Kila zama kifaa kilitangulia na mwalimu akafuata nyuma, mara nyingine kwa miongo mizima, na pengo hilo ndilo lililoamua ni watoto gani wasome na ni mashine gani zizeekee stoo.

Wamisionari wa Kimoravian walifika chini ya Mlima Rungwe mwaka 1891, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao. Shule ilifuata upesi, maana dini yao ilikuwa dini ya kitabu. Serikali ya Wajerumani nayo ikaweka boma lake Tukuyu na kuuita mji Neu Langenburg, jina lililotoweka pamoja na utawala wao baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika madarasa ya wakati ule mambo yote yalipita machoni na masikioni: tazama ubao, nakili, itikia kwa pamoja. Haikuhitajika kanuni ya kumkataza mtoto asiyeona kuingia, kwani hata akiingia hakuwa na cha kufanya.

Na hapo pengo tayari lilikuwa refu. Louis Braille, Mfaransa aliyepoteza macho utotoni, alichapisha mfumo wake wa nukta sita, ndio nukta nundu, mwaka 1829. Siku Meyer anakanyaga Rungwe, maandishi hayo yalikuwa na umri wa miaka 62. Ilibidi ipite mingine 59 ndipo Tanganyika ipate shule yake ya kwanza ya wasioona. Kuyafikisha maandishi ya namna hiyo kulihitaji karatasi ngumu, kibao, msumari butu na mtu mmoja anayejua. Vitatu vya kwanza vingeingia kwenye mkoba wa mmisionari yeyote. Mtu ndiye aliyekosekana.

Mambo yalianza kusogea baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya wasioona Thika, Kenya. Miaka hiyo hiyo John Wilson, Mwingereza asiyeona, alizunguka makoloni ya Afrika kwa miezi kadhaa akichunguza hali ya upofu, na mwaka 1950 akaanzisha shirika ambalo leo tunalijua kama Sightsavers. Mwaka huo huo wa 1950 Kanisa la Anglikana likafungua shule ya Buigiri, Dodoma. Tabora ilipata shule ya viziwi mwaka 1963 kwa juhudi za Kanisa Katoliki, na Walutheri wakawa na shule ya wasioona Irente, Lushoto. Ukiitazama ramani hiyo kutoka Tukuyu utaona shida yake mara moja. Mtoto wa Rungwe aliyetaka kusoma kwa vidole alipaswa kupita Mbeya, apite Iringa, afike Dodoma, akaishi bweni miongoni mwa watu wasiojua Kinyakyusa hata salamu. Wazazi wengi walichagua kubaki na mtoto wao nyumbani, na sina moyo wa kuwalaumu.

Kifaa cha siku hizo kilikuwa kibao na kalamu yake. Kibao ni mabati mawili yaliyounganishwa kwa bawaba. Bati la juu limetobolewa vijidirisha, la chini lina vishimo sita sita. Unabana karatasi ya manila katikati, unashika kalamu, ambayo kwa kweli ni msumari wenye kishikio, kisha unabonyeza nukta moja moja. Kwa kuwa nukta zinatokeza upande wa pili wa karatasi, unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi unaigeuza kama inavyoonekana kwenye kioo. Ukimaliza unageuza karatasi na kusoma kutoka kushoto. Mtoto wa miaka saba anaweza kulimudu jambo hilo, tena kwa kasi ya kumshangaza mtu mzima, mradi aliyemfundisha amelimudu kwanza. Mwalimu mwenye macho aliyejifunzia kitabuni kwa kutazama nukta huchanganyikiwa hapo hapo, kwa sababu hajawahi kuandika kinyume.

Mashine ya Perkins iliondoa sehemu kubwa ya usumbufu huo. Ilibuniwa na David Abraham, mwalimu wa useremala katika shule ya wasioona ya Perkins, Marekani, na ikaanza kutengenezwa mwaka 1951. Ni chuma kitupu, karibu kilo tano, na haihitaji umeme. Ina vitufe sita vya nukta, vitatu kwa kila mkono, na katikati kuna cha nafasi. Chukua neno ambalo kila mtoto wa Katumba, wilayani Rungwe, analijua kabla ya kuanza shule kwa sababu mashamba yamemzunguka: chai. Kwa c bonyeza vidole vyote viwili vya shahada. Kwa h ongeza kidole cha kati cha kushoto, na upande wa kulia hama kutoka shahada kwenda cha kati. Kwa a shahada ya kushoto peke yake. Kwa i kidole cha kati cha kushoto pamoja na shahada ya kulia. Mapigo manne, na neno limesimama kwenye karatasi mbele yako, halihitaji kugeuzwa.

Kujifunza herufi zote kwa namna hiyo ni kazi ya wiki chache kwa mtu mwenye nia. Kusoma kwa ncha za vidole ni kazi ya miezi, na walimu wenye macho wengi hawafiki huko. Wanasoma nukta kwa kuzitazama. Kwa kusahihisha daftari inatosha. Kwa kumfundisha mtoto namna ya kutembeza kidole bila kukandamiza, na kuufuata mstari kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukisoma, haitoshi.

Basi mwalimu huyo alifundishwa wapi? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa nje ya nchi, au kazini, kwa kumwiga mmisionari aliyemtangulia. Mafunzo ya ndani ya walimu wa elimu maalumu yalishika mizizi miaka ya 1970 na 1980, katika vyuo vya ualimu vya Tabora na Mpwapwa, yakaja kukusanywa Patandi, karibu na Arusha, miaka ya 1990. Kenya ilianzisha taasisi yake, KISE, mwaka 1986. Patandi imetoa walimu waliobeba shule nyingi mabegani, na sitaki nieleweke vibaya kwa ninalolisema: muundo wake ulikuwa na kasoro tangu mwanzo. Ulimchukua mwalimu mmoja, ukampa utaalamu wa fani moja, wa wasioona, au wa viziwi, au wa ulemavu wa akili, kisha ukamrudisha kwenye shule moja. Siku akipata uhamisho, fani imeondoka naye. Wilaya yenye shule nyingi za msingi, milima na barabara zinazoteleza miezi mingi ya mwaka haiwezi kuendeshwa kwa wataalamu wanaohesabika kwa vidole.

Rungwe inayo Shule ya Msingi Katumba II, ambako watoto wenye ulemavu wanasoma, na inavyo vyuo viwili vya ualimu vya Serikali, Tukuyu na Mpuguso. Mtu mwenye akili za kawaida angetarajia kamba ifungwe kati ya vyuo hivyo na shule hiyo zamani sana, ili kila mwanachuo wa Mpuguso apite Katumba II kabla ya kupewa cheti, hata kama anakwenda kufundisha Jiografia. Mafunzo kwa vitendo yana wiki zake katika kila programu ya ualimu, na sehemu ya wiki hizo ingetosha.

Hili la kufundisha walimu wengi kwa mkupuo si ndoto kwetu. Taifa hili lilikwisha kulifanya. Azimio la Musoma la 1974 lilileta Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE), na mwaka 1977 shule zikafurika. Walimu hawakuwapo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakawekwa madarasani, wakafundishwa kazi wakiwa kazini: asubuhi unafundisha, mchana unafundishwa na mratibu wa kata, unasikiliza vipindi vya redio, unasoma masomo kwa posta. Makumi ya maelfu walipita njia hiyo. Wapo waliowacheka walimu wa UPE, na ni kweli ubora uliyumba. Lakini kiwango cha kusoma na kuandika kilipanda, na kazi ya mratibu wa elimu kata iliyozaliwa wakati ule ipo hadi leo kwa jina la afisa elimu kata. Kilichokosekana kwenye vipindi vile vya redio ni mtoto mwenye ulemavu. Kampeni iliitwa ya wote, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanya mahudhurio kuwa lazima, ilhali mwalimu hakupewa hata somo moja juu ya mtoto asiyeona ubao.

Kwa viziwi hadithi ina kona yake. Miaka mingi ya mwanzo shule zilishikilia kwamba kiziwi afundishwe kusema na kusoma midomo, na alama za mikono zilitazamwa kama uvivu. Kwa hiyo kifaa kikubwa kikawa shimesikio, kile kidude cha kuvaa nyuma ya sikio kinachokuza sauti. Ni kifaa kizuri kwa mtoto mwenye usikivu uliobaki. Ila kina masharti, na masharti hayo ni ya mwalimu kuyajua, si ya mtoto. Betri yake ndogo ya duara huanza kufanya kazi ukibandua kibandiko chake, na baada ya hapo inaisha katika wiki moja au mbili hata ukiizima. Kizibo cha sikio kinatengenezwa kwa umbo la sikio la mtoto huyo. Mtoto akikua kinalegea, na kifaa kinaanza kupiga mluzi. Mwalimu asiyejua husikia mluzi, anamwambia mtoto avue, na kinaishia mfukoni hadi mwisho wa muhula.

Kisha kuna mvua. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na shule zetu zimeezekwa bati bila dari. Shimesikio ya kawaida haichagui sana: inakuza sauti ya mwalimu na inakuza mvua. Mvua inapomwagika bati likalia, mwenye masikio mazima anasogea mbele. Mwenye shimesikio anaivua, maana kichwani mwake ni ngoma. Mwalimu aliyefundishwa atahamia ubaoni, ataandika, atatumia mikono. Asiyefundishwa ataandika kwenye ripoti kwamba mtoto hataki kuvaa kifaa. Lugha ya Alama ya Tanzania ilipokuja kupewa heshima yake shuleni, kwa msukumo mkubwa wa viziwi wenyewe kupitia chama chao, CHAVITA, ikadhihirika kwamba nyenzo isiyohitaji betri ilikuwapo muda wote. Hiyo nayo ina sharti moja: mwalimu lazima aijue, na kuijua ni kujifunza lugha nzima. Semina ya siku tatu yenye posho na chai ya saa nne haitoshi.

Sheria zilifuatana haraka mwanzoni mwa karne hii. Sera ya Taifa ya watu wenye ulemavu ilitoka mwaka 2004. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 uliridhiwa na Tanzania mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mkakati wa kwanza wa elimu jumuishi ulianza mwaka 2009, ukibeba wazo lililotangazwa Salamanca, Hispania, mwaka 1994: mtoto asome shule ya karibu, na shule ndiyo ijirekebishe. Wazo zuri, na limekwisha kuzaa matunda yanayoonekana. Baraza la Mitihani linatoa mitihani kwa nukta nundu na kwa maandishi makubwa, na mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Watoto walio katika hesabu hiyo hawawezi kuenea Buigiri, Tabora na Katumba II. Wengi wako madarasa ya kawaida, wakimtazama mwalimu wa kawaida.

Mwalimu huyo wa kawaida alikutana na kompyuta chuoni. Kuanzia mwaka 2005, kwa msaada wa Sweden, kompyuta zilipelekwa katika vyuo 34 vya ualimu vya Serikali. Mwaka 2006, kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, alianza kuandika NVDA, programu inayosoma kwa sauti kila kilichopo kwenye skrini. Inatolewa bure, na kati ya sauti zake Kiswahili kimo, kwa lafudhi ya roboti ambayo huwachekesha watu dakika tano za kwanza kisha wanaizoea. Kwa hiyo kompyuta na programu vilikuwa vimekutana katika miaka ile ile, bila gharama ya ziada. Mwanachuo alifundishwa kuandika barua na kujaza jedwali. Kwamba mashine ile ile ingeweza kumsomea mtoto asiyeona kitabu kizima, hilo halikuwa kwenye muhtasari.

Kenya ilipita njia tofauti kidogo. Mwaka 2009 Irene Mbari-Kirika alianzisha shirika la inABLE, na maabara yake ya kwanza ya kompyuta ikawa katika shule ya msingi ya wasioona ya Thika. Ninachokipenda katika mradi ule ni kwamba vyumba vile viliwekewa wakufunzi wa kukaa, wala si mitambo pekee. Mtoto alikuwa na kipindi cha kompyuta kwenye ratiba kama cha Hesabu.

Kisha ikaja ile sensa ya 2022. Makarani walihesabu watu kwa vishikwambi, na zoezi lilipokwisha Serikali ikaamua vifaa hivyo vigawiwe walimu. Kwa wingi na kwa haraka, sijui ugawaji mwingine wa kifaa cha kielektroniki unaoukaribia katika historia ya elimu yetu. Mwalimu wa kijijini aliyekuwa anaandaa masomo kwenye daftari la kurasa 96 akajikuta na kifaa chenye kamera, spika na intaneti. Vifaa vya Android kwa kawaida huja na TalkBack, msomaji wa skrini. Ukiiwezesha kwenye mipangilio, kifaa kinaanza kuongea: unagusa mara moja kinataja ulichogusa, unagonga mara mbili kinafungua. Wapo walioiwasha kwa bahati mbaya, kwa kubana vitufe viwili vya sauti, wakadhani kifaa kimeingiwa na wazimu wakakipeleka kwa fundi simu, naye akaizima kwa shilingi elfu mbili.

Kichekesho hicho kinanieleza mengi kuliko taarifa ndefu. Kamera ya kishikwambi ni kikuzaji: piga picha ubao, vuta herufi kwa vidole viwili, na mtoto mwenye ualbino aliyekuwa anasimama mbele kila kipindi anaweza kukaa na wenzake. Rekoda yake ni daftari la asiyeona. Video yake ni njia ya kumwonyesha mtoto kiziwi alama ya neno jipya la Sayansi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikadiria mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji walau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata hawazidi asilimia 3 ya wanaohitaji. Kwa hesabu za namna hiyo tumezoea kuomba vifaa. Huko Rungwe, kimojawapo tayari kimo kwenye mkoba wa mwalimu, chini ya kitabu cha mahudhurio.

Nafasi ya kumfundisha imeshapatikana pia. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA kama kila mwalimu anavyoyataja, yamerudisha kwa sura mpya jambo lile la miaka ya 1970: walimu wanakutana shuleni kwao, wanachagua mada inayowatatiza, wanafundishana. Mada zinazopendwa ni hesabu za sehemu, stadi za kusoma, utengenezaji wa zana kwa vizibo vya chupa. TalkBack ni mada ya alasiri moja, na njia bora ya kuifundisha ni kufunika skrini kwa kanga ukamwambia mwalimu mwenzako atafute namba ya simu ya mkewe. Herufi za nukta nundu zinamalizika katika muhula. Utunzaji wa Perkins, ambayo katika unyevu wa Tukuyu inataka ifunikwe kila jioni na ifutwe vumbi la chaki, ni nusu saa.

Wakufunzi wa mada hizo wapo pia, na hapa ndipo naona tumepoteza muda mrefu. Shule za Buigiri, Irente na nyinginezo zimetoa vizazi vya wasioona waliokuja kuwa walimu wenyewe. Wanafundisha sekondari na msingi, wanasahihisha kwa msaada wa mwenzao, wanatumia simu kwa kasi kuliko wenye macho. Ni nadra kuwaona wakiitwa kuendesha mafunzo. Wengi wao wanafundisha Kiswahili, Historia au Kiingereza, kwa sababu walipokuwa wanafunzi, Hisabati ilifungwa mbele yao mapema: alama za jometri na aljebra zina nukta zake, na waliozijua kiasi cha kuzifundisha walikuwa wachache mno. Hata leo ukikusanya wilaya nzima ya Rungwe kwenye ukumbi mmoja, utampata wa kufundisha TalkBack, utampata wa kufundisha alama za mikono, utapata wawili watatu wa nukta nundu za kawaida. Mwalimu wa kumwandikia mtoto asiyeona wa kidato cha kwanza mlinganyo wa aljebra kwenye Perkins, itabidi atafutwe mbali.